Nyuzi Thelathini na Nne Zimekwenda Chato

Vijana ninaowafundisha siku hizi hudhani nilijifunza kupanga kazi za kompyuta nyingi zinazoshirikiana katika chuo fulani cha ng'ambo. Huwaambia ukweli nao hucheka. Nilijifunza Shinyanga, katikati ya miaka ya sabini, kwenye ofisi ya upimaji ardhi, na kompyuta zilikuwa nane. Moja ilinusa ugoro. Moja ilikuwa mimi.

Maana kompyuta tulikuwa sisi wenyewe. Wapimaji walirudi kutoka vijijini na madaftari yao: mstari huu una urefu huu, umeelekea pembe hii. Kazi yetu ilikuwa kuyageuza hayo kuwa namba za ramani. Kwa kila pembe ilibidi ufungue kitabu cha majedwali, utafute namba mbili za pembe ile, uzizidishe kwa urefu, uandike. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, watu wanahama, kila mahali pana kiwanja cha kupimwa, na madaftari yalikuwa yamejaa hadi chini ya meza. Mwanzoni tulikuwa wakokotoaji sita. Kitabu kilikuwa kimoja.

Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, mwanamke peke yangu, na hasira zangu zilikuwa karibu. Kitabu kikiwa kwa mzee huwezi kumwendea tu ukasema nipe. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, mvua huko kwenu vipi, ng'ombe wazima? Kama mzee mwenyewe ni Msukuma mwenzangu na ameamka vizuri, tulirudi mwanzo tukaanza na mwangaluka, salamu ya asubuhi ya kwetu. Baada ya hapo ndipo unaomba nyuzi kumi na mbili, naye anakwambia subiri, hata mimi nazitafuta. Ikifika saa nne asubuhi nimeamkia watu wengi kuliko bibi harusi ukweni, na sijakokotoa mstari hata mmoja.

Mkuu wetu wa ofisi, mtu mpole mwenye tai moja, aliona kazi haiendi akaomba watu zaidi. Tukaletewa wawili. Kazi ikazorota kuliko mwanzo, kwa sababu sasa kulikuwa na wawili zaidi wa kuamkiwa na foleni ya kitabu imefika mlangoni. Akatangaza kwamba ataomba wengine wanne. Nikamwambia mbele ya watu wote kuwa hata akituletea mkoa mzima, kitabu ni kimoja. Nikajua nimejifukuza kazi kwa mdomo wangu.

"Sasa wewe ungefanyaje?" akauliza.

Nilikipasua kitabu. Nilikipasua kwa wembe, kwenye mshono, wazee wakinitazama kana kwamba nachinja mbuzi wa jirani. Kilikuwa na kurasa za nyuzi sifuri hadi arobaini na tano tu, kwani pembe kubwa husomwa kwenye kurasa zilezile, kutoka chini kwenda juu. Nikagawa mafungu manane, kila mtu na lake, ili watu wanane waweze kusoma kwa wakati mmoja. Salamu bado zilikuwa zinakula siku yetu, basi nikapanga upya na viti. Mnyamwezi wa Tabora nilimketisha ubavuni mwa Mzaramo wa pwani, kwa kuwa hao ni watani, na mtani haombi, ananyakua.

"Lete hapa, we mpagazi," Mzaramo anasema, na kurasa keshazichukua.

"Nilibeba mizigo ya babu yako nikijua ni mtu, kumbe naye ni mzigo," Mnyamwezi anamjibu, huku anazidisha.

Wawili waliokuwa mashemeji nikawaweka pamoja kwa sababu hiyohiyo. Kabla mwezi haujaisha, chini ya meza kulikuwa kweupe. Mkuu alinunua tai ya pili, na mimi nikaanza kujiona mtu.

Tatizo la mtu wa kunyakua ni kwamba hunyakua hata namba isiyo yake kwenye jedwali. Siku moja, kwa hesabu zetu, zahanati ya kijiji ilitua katikati ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Mpimaji alikuja kutuuliza kama manesi wataletewa mitumbwi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikachukua karatasi kubwa nikaandika kanuni, kwa ule mwandiko wangu ambao shuleni ulinipatia sifa zote. Kanuni ya kwanza: kila mtu atunze kurasa zake mwenyewe na zisimtoke mkononi. Kanuni ya nne: namba isiyo na saini ya mtunza kurasa si namba. Nikaibandika ukutani, juu ya mtungi wa maji. Mkuu aliipenda mno, akawa anawasomea wageni.

Jumatatu moja, mtunza kurasa za nyuzi thelathini hadi thelathini na tano alipata habari za msiba wa kaka yake. Alikuwa mzee wa Kizinza, kwao Chato, mtu wa kufuata kanuni kuliko sisi wote. Alizikunja kurasa zake, akazitia mkobani, akatuaga mmoja mmoja, akapanda basi.

Jumanne akaingia mama mmoja kutoka Kahama, mjane, muuza mchele, amekaa kwenye ukingo wa benchi kama mtu anayeogopa kulichafua. Kamati ya viwanja ya kwao ilikuwa ikae Jumamosi alasiri. Asipofika na karatasi ya mipaka, kiwanja alichojenga na marehemu mumewe kingekwenda kwa jirani, na jirani alikuwa keshaanza kumwaga matofali mlangoni pake. Nilimpenda palepale. Nikamwambia atulie, mistari minne haimalizi hata chai.

Mitatu ilitoka upesi. Wa nne ulielekea nyuzi thelathini na nne.

"Nyuzi thelathini na nne ziko wapi?" nikauliza.

"Zimekwenda Chato," akasema Mzaramo.

"Kufanya nini?"

"Kuzika."

Tukakaa kikao. Mkuu akapendekeza mpimaji arudi Kahama, asogeze jiwe la mpaka hadi mstari uwe na nyuzi thelathini na sita, kwa kuwa mtunza kurasa za thelathini na sita yupo. Mnyamwezi akasema yupo, ndiyo, lakini tangu asubuhi analalamika homa, heri twende moja kwa moja arobaini na mbili. Walilijadili jambo hilo kwa dhati kabisa, na kalamu mkononi.

"Hapo mnaposogeza," mama akauliza polepole, "si ndipo lilipo jiko langu?"

"Litasogea kidogo tu, mama," Mkuu akamtuliza.

Nikapandwa na hasira. Thelathini na nne ni nusu ya sitini na nane, na namba za sitini na nane, zinazosomwa kutoka chini kwenye ukurasa wa ishirini na mbili, zilikuwa kwenye kurasa zangu mimi. Ipo njia ya kuipata nusu kutoka kwenye nzima, kwa kutafuta vipeuo vya pili. Ni kazi ya kuchosha lakini haimshindi mtu aliyekasirika. Saa nane mchana nilikuwa nazo namba zote mbili, kila moja na tarakimu saba, nimezihakiki mara mbili. Nikampelekea Mkuu.

"Saini ya mtunza kurasa iko wapi?" akauliza.

"Hazikutoka kwenye kurasa, mzee. Nimezitengeneza."

"Umezitengeneza," akarudia kwa huzuni, kama niliyemwambia natengeneza noti nyumbani. Kisha akanyoosha kidole kuelekea ukutani, juu ya mtungi wa maji.

Nilibisha, nikapaza sauti, nikakaribia kulia. Mama yeye alisimama, akajifunga kanga vizuri, akauliza msiba uko Chato sehemu gani.

Ya Chato alinisimulia mwenyewe. Alifika Jumatano jioni, na msibani huwezi kuingia unadai namba. Kwa hiyo aliketi na wanawake, akalia na waliolia, akachambua mchele, akapika kutwa nzima ya Alhamisi, mpaka upande wa mume wakadhani ni ndugu wa upande wa mke, na upande wa mke wakadhani kinyume chake. Maiti ilipokwisha kuzikwa, ndipo akamsogelea yule mzee.

"Shikamoo, baba. Pole sana na msiba. Nimeagizwa nyuzi thelathini na nne."

Mzee alivaa miwani, akafungua mkoba, akanakili, akatia saini. Kisha akamshukuru kwa wali.

Jumamosi asubuhi aliingia ofisini kwetu na vumbi hadi kwenye kope. Lori la pamba la kwenda Kahama lilikuwa linanguruma nje, dereva amekubali kumsubiri. Nikaipokea karatasi yake, nikailaza kando ya ile yangu ya Jumanne. Zilikuwa zilezile. Nilizipitia tarakimu moja moja, nikitamani angalau ya mwisho itofautiane, ili safari yake iwe ilikuwa na maana. Haikutofautiana hata moja. Nikaumaliza mstari wa nne, Mkuu akagonga mhuri kwa furaha.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa amesoma elimu ya watu wazima, na macho yake yalikuwa yanatoka kwenye karatasi moja kwenda kwenye nyingine.

"Hizi si ndizo ulizoandika siku ile?"

"Ndizo, mama."

"Zote?"

"Zote."

"Mbona hukunipa, mwanangu?"

"Nilikatazwa."

"Na nani?"

Nikaonyesha ukutani. Akausogelea mtungi, akainua kidole, akaanza kusoma silabi kwa silabi, midomo ikicheza, tangu kanuni ya kwanza mpaka ya nne. Lori likapiga honi. Hakuharakisha.

"Mwandiko mzuri sana," akasema. "Wa nani?"

"Wangu, mama."

Akaifunga karatasi yake kwenye pindo la kanga, akatoka.

Aliwahi kikao, na kiwanja akakipata. Mzee wa Chato aliporudi nilimwomba kurasa zake, nikaketi, nikaanza kuzinakili ili ziwepo mahali pawili, kuanzia nyuzi thelathini na nne, namba moja baada ya nyingine, kwa mwandiko ule ule mzuri.