Kisima cha Watu Watano

Mtihani wa leseni ya kuchimba visima ulikuwa na sehemu mbili, na mimi nilikuwa tayari kwa nusu ya sehemu moja. Kazi yangu ilikuwa kuuza kamba, ndoo na mapipa sokoni Garissa. Nilijua kamba ya nani imekatika na nani anadanganya kuhusu urefu wake. Kuchimba kwenyewe, sikuwahi kuchimba hata shimo la choo.

Lakini ilikuwa miaka ya vita. Nairobi walikuwa wamepandisha bendera mpya, na huku kwetu kulikuwa na watu porini wenye bunduki, wakitaka tujiunge na Somalia. Serikali iliwaita shifta. Wafugaji waliogopa kuja mjini, kamba zangu zikaliwa na panya. Mwenye leseni, yeye alipewa kibali cha kupita vizuizi vya barabarani, na kazi ya serikali juu yake. Nikapiga hesabu mara mbili, jibu likawa lile lile.

Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja tu mjini, nacho kilikuwa cha karani wa ofisi ya maji. Alikuwa ametoka Kenya, kama tulivyokuwa tukisema wakati ule, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Tulipatana mguu wa mbuzi kwa sura mbili za kitabu. Mimi nilikuwa nimeanzia ubavu kwa sura tatu.

"Nyinyi watu wa hapa," alisema, "mnaomba kupunguziwa hata bei ya hewa."

"Hewa yenyewe ya moto, bwana. Haistahili bei kamili."

Akacheka, akanifundisha: tabaka za ardhi, mabomba ya kuzuia kuta zisiporomoke, namna ya kupima maji yanayorudi kwa saa moja. Hayo niliyashika. Tukafika sehemu ya pili, ambayo ilikuwa fomu. Mtahiniwa aeleze kisima kimoja alichokifanyia kazi: kiko wapi, pamoja na ramani, kina chake, udongo wake, maji yake.

"Usinakili cha serikali, mkaguzi anavijua vyote," karani alionya. "Na ukibuni, atatuma mtu akaangalie."

Nikamkumbuka abti, ndugu wa mama yangu. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo, yeye akiniita abti, nami nikimwita abti. Kisima chake kilichimbwa na baba yake, mwendo wa siku mbili kusini mwa mji kuelekea Ijara, ndani ya vichaka visivyo na barabara. Kule hawapimi kwa futi. Kisima cha abti kilikuwa cha watu watano: wanaume watano husimama ukutani mle ndani, mmoja juu ya mwingine, kila mtu kwenye kidato chake, wakirushiana ndoo ya ngozi mpaka juu, huku wakiimba ili mkono usikose.

Nilifika na sukari na majani ya chai, nikamweleza habari ya mtihani. Alisikiliza huku akipiga mswaki.

"Utaandika watu watano?"

"Watataka futi, abti."

"Na mahali? Siku hizi kisima ni kama bunduki. Ukikutwa nacho unaulizwa unamnywesha nani."

"Mahali hapaulizwi."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Mahali palikuwa mstari wa kwanza wa fomu. Nilikuwa nimeisoma mara mbili.

Alishuka kisimani na mimi, mzee wa umri ule, akitangulia ili nione pa kukanyaga. Akanishikisha ukuta kwa mkono: hapa chokaa, hapa mchanga mwekundu, hapa baba yake alikwama mwezi mzima juu ya jiwe. Akanilambisha udongo wa chini. "Huu ukiwa na chumvi, panda juu uende zako. Wasomi wako watakuambia uendelee." Nilipima kwa kamba yenye mafundo, futi thelathini na moja kwenda chini, thelathini na moja kurudi juu. Siku ile moja nilisoma zaidi ya kitabu kizima, na sikutoa hata kwato.

Katika chumba cha mtihani nilifikiria kukisogeza kisima kwenye ramani, mashariki kidogo. Kisha nikamfikiria yule mtu atakayetumwa kuangalia. Nikakichora palepale kilipo. Nikachora laga, ule mkondo wa mto uliokauka, kichuguu kikubwa, na njia ya ngamia mpaka mdomoni mwa kisima. Nilitumia rula.

Nilipita.

Miezi michache baadaye ikatoka amri kwamba wafugaji wakusanywe kambini chini ya ulinzi, na visima vya porini vizibwe. Askari walifika kwa abti bila kumuuliza mtu njia. Wakakijaza kisima mawe na miiba mbele ya macho yake, wakamleta na watu wake kwenye kambi iliyokuwa pembeni mwa mji. Ngamia wengi hawakumaliza safari.

Alinitafuta mwenyewe.

"Abti, wewe una karatasi sasa. Wewe watakusikia. Waambie kisima kile hakijamnywesha shifta hata mmoja. Wakifungue."

Tukaenda ofisini. Yeye aliketi nje chini, kwenye kivuli cha ukuta, nami nikaingia. Karani alifurahi kuniona. Ramani yangu ilikuwa mezani, imenakiliwa vizuri, na juu ya kisima pana alama ya msalaba kwa penseli.

"Kazi safi," alisema. "Wenye malori hawakupotea hata mara moja." Kisha akanisogezea karatasi nyingine. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya leseni, kuchimba kisima cha kambi. Ilihitaji sahihi tu.

Sikuuliza lolote kuhusu kisima cha abti. Mtu anayekitetea kisima cha porini angeulizwa yeye ni nani wa mwenye kisima, na jibu ningekuwa nalo. Nikatia sahihi. Nikatoka.

"Mkubwa hayupo," nikamwambia.

Abti alishika bega langu ili ainuke, akajipangusa vumbi.

"Nimekupotezea siku yako bure. Nisamehe, abti."

Nikamwambia nimemsamehe.