Nipimeni Kabla Sijapoa

Nilianza kushuka kwenye baiskeli mahali ambapo sikuwahi kushuka. Sizungumzii mlima wa kupandia Newala. Kule kila mtu hushuka na kusukuma, na anayekwambia anapanda bila kushuka ni mwongo. Nazungumzia mwinuko mdogo wa mwisho ukitokea Chiungutwa kuingia Masasi, ambao kwa miaka kumi na moja niliupanda nimekaa, tenga la kuku nyuma, huku nikijibu salamu za watu wa kando ya barabara. Asubuhi moja ulinishinda. Nikashuka, nikaegemea usukani, nikajifanya natazama mnyororo.

Kazi yangu ni kuku wa kienyeji. Nawanunua vijijini, nawafunga kwenye tenga, nawapeleka mjini. Wakati wa ndoa nilikuwa nauza maandazi barazani kwa mume. Nilipoachika niliondoka na godoro na sufuria mbili, na baiskeli nikaja kuinunua mwenyewe, kwa kuku. Wanawake wa rika langu wanaoendesha baiskeli yenye mzigo kwenye barabara ile hawajai kiganja kimoja. Wanaume waliponizoea waliacha kunizomea wakaanza kuniita Mama Kuku, nami nikaitikia, maana ni jina nililolitolea jasho.

Uchovu wenyewe ulikuwa wa ajabu. Nikilala naamka mzima. Nikikaa barazani nachambua mbaazi niko mzima, naimba. Lakini nikikanyaga kwa dakika kumi, naona kama kuna mtu ameshika gurudumu la nyuma na hataki kuliachia. Mapaja yanalegea, kifua kinabana, pumzi inakuwa fupi, na macho yanatafuta mti wa kuegemea.

Kwa hiyo nikaipeleka baiskeli kwa fundi. Msinicheke. Mtu wa baiskeli akihisi uzito, kitu cha kwanza anachokilaumu ni baiskeli. Fundi akabadilisha golori za magurudumu yote mawili, akakaza breki zisiguse rimu, akaweka mnyororo mpya. Mwisho akapanda mwenyewe, akazunguka uwanja mara mbili na kurudi.

"Baiskeli hii nyepesi, Mama Kuku," akasema. "Uzito uko kwako."

Nikamuuliza kama amewahi kusikia mwingine wa barabara ile akilalamika hivyo. Akainama kufunga vifaa vyake, kisha akaniambia kwamba kuna mbeba mkaa mmoja, dume la mtu, ambaye kila wiki humletea baiskeli yake akidai inavuta, na kila wiki yeye huikagua asione kitu. "Nyie watu wa baiskeli hamuumwi," akasema. "Zinaumwa baiskeli zenu."

Nilicheka, lakini njia nzima ya kurudi niliyafikiria maneno hayo. Nilikuwa nimeitibu baiskeli miezi miwili na mwenyewe sijanywa hata kidonge.

Habari ilipoenea kila mtu akawa daktari. Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho, hewa yote ina unga wa salfa, basi wakasema salfa imeniingia kifuani. Wengine wakasema ni utu uzima, ingawa wao wamenizidi miaka. Jirani akasema siti ya baiskeli inaharibu nyonga za mwanamke. Kuna hata aliyesema nimekanyaga kitu njiani, tena akajitolea kunipeleka kwa mtu wa kunitazama. Nilikwenda zahanati badala yake. Malaria hakuna. Damu ya kutosha. Wakanipa dawa za minyoo na vidonge vyekundu vya kuongeza nguvu, nikavimaliza vyote, na mwinuko ukanishinda tena palepale.

Ndipo mjomba akaingia. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kukuzaa na kukulea, lakini likija suala la ndoa, shamba au ugonjwa, wanaulizwa kwanza ndugu wa mama. Mjomba wangu si mtu mbaya, naomba nieleweke. Alikuja akakaa kwenye kiti changu pekee chenye mgongo, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasema nitakwenda hospitali kubwa mjini, na dada yangu mkubwa atanipeleka.

Hapa ndipo tulipofanya kosa, na lilikuwa kosa letu wenyewe, si la hospitali. Kwetu mgonjwa haendi hospitali hivihivi. Kwanza anapumzishwa ili apate nguvu za safari, nami nilipumzishwa siku mbili nzima, sikushika hata ndoo. Kisha anaogeshwa, anapakwa mafuta, anavishwa kanga mpya, asije akatia ukoo aibu mbele ya wauguzi. Kisha anabebwa. Nilikalishwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na dada, nikafika hospitali nanukia sabuni, nimeng'aa, sijakanyaga hata jiwe. Ugonjwa wangu tuliuacha Chiungutwa.

Jambo la mwisho ni kwamba mgonjwa hajisemei. Anasemewa na mkubwa wake aliyemsindikiza. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Mama anasumbuliwa na nini?" akaniuliza mimi.

"Anachoka, baba," dada akajibu.

"Anachoka akifanya nini?"

"Akifanya chochote."

"Anafanya kazi gani?"

"Yupo tu nyumbani," dada akasema, akaikunja mikono yake mapajani.

Hakuwa anadanganya. Kwake kazi ni ya ofisini au ya jembe. Mwanamke wa miaka yangu kuzunguka vijiji na kuku juu ya baiskeli ni jambo la kunyamaziwa mbele ya wageni. Na mimi, ninayejiona mkali, nilinyamaza. Kusema kweli hata ningeulizwa mwenyewe sidhani kama ningeitaja baiskeli. Nani aliwahi kuihesabu kuwa kazi au mazoezi? Ni miguu ya mtu asiyekuwa na nauli, basi.

Akanipima. Presha nzuri, sukari nzuri, mapigo yametulia. Akaweka kile chombo kifuani kwangu, akasikiliza, akakitoa. Kisha akaandika, akainua macho, akasema kwa upole kwamba tatizo huenda ni mwili kukosa mazoezi. Nianze taratibu. "Kama kuna baiskeli hapo nyumbani," akaongeza, "awe anaendesha kidogo jioni."

Dada akashukuru. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta mfupi wa maua na hasira ikanijaa mpaka masikio yakawa ya moto. Sikumkasirikia yule kijana, kwani aliletewa mama aliyepumzika akamkuta mama aliyepumzika. Nilijikasirikia mimi na mdomo wangu uliofungwa, wakati ninao na unajua kupatana bei na wanaume kumi kwa mara moja.

Mjomba alipoletewa majibu alifurahi. Daktari hajaona ugonjwa, kwa hiyo ugonjwa hakuna. Kilichopo ni baiskeli. Akatoa uamuzi kwamba itatafutiwa mnunuzi kabla korosho hazijaanza kuuzwa, nami nitakaa barazani niuze maandazi kama zamani. "Ukitulia, mwanangu, hutachoka," akasema. Na alisema kweli kabisa, hilo ndilo lililonitia hofu. Nikikaa nilikuwa sichoki. Ningeweza kukaa hivyo barazani, mzima, mpaka siku ya kubebwa kaburini.

Wiki iliyofuata sikumuaga mtu. Nilinunua kuku kumi na wanne kama kawaida, nikawafunga, nikavaa kanga za kazi zenye madoa, nikapanda. Saa mbili na zaidi za kukanyaga. Kwenye ule mwinuko nilikataa kushuka. Nilijua ni ujinga na leo simshauri mtu yeyote afanye hivyo. Nilikanyaga mpaka nikaona barabara inakuwa nyeupe, nikaupita, nikaingia mjini moja kwa moja mpaka getini.

Mlinzi akanyoosha mkono. "Kuku hawaingii hospitali."

"Kuku wazima," nikamwambia, nahema. "Mgonjwa mimi. Nishikie."

Nikamwachia baiskeli na tenga lake mikononi, akabaki ameduwaa. Ndani kulikuwa na foleni ndefu kwenye benchi. Nikijua kwamba nikikaa pale nusu saa nitapoa na kila kitu kitaonekana kizuri tena, nikasimama mbele yao, jasho linadondoka sakafuni, nikasema, "Jamani, naombeni samahani. Sijaja kuwaruka kwa jeuri. Ugonjwa wangu hukaa dakika chache tu. Niacheni nipimwe kabla sijapoa."

Mzee mmoja mwenye bandeji mguuni akasema, "Mwacheni apite, huyu ataanguka," na wale wengine wakasogeza magoti. Safari hii daktari alikuwa mwanamke, mtu mzima, amevaa kandambili. Hakuniuliza nimetoka na nani. Alinishika kiganja kwanza, akahesabu akitazama saa, akaacha, akaanza kuhesabu upya.

"Umekimbia?"

"Nimetoka Chiungutwa na baiskeli. Nina kuku kumi na wanne hapo getini. Ndiyo kazi yangu, kila wiki mara tatu, na miezi hii inanishinda."

Ni sentensi tatu tu. Zilinigharimu miezi mitano.

Akanilaza kwa ubavu wa kushoto, akaweka chombo chini ya titi, akasikiliza muda mrefu huku amefumba macho. Akaniuliza kama utotoni niliwahi kuumwa koo sana, kisha magoti yakavimba. Nikashangaa amejuaje. Nikiwa nasoma shule Lukuledi magoti yalivimba mwezi mzima, bibi akawa ananikanda kwa majani ya moto, watu wakasema mtoto anakua. Daktari akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba moyo una milango, na wangu mmoja umekaza tangu wakati ule, taratibu, mwaka hadi mwaka. Nikikaa, damu inapita polepole na inatosha. Nikikanyaga, moyo unakimbia na damu haipati nafasi ya kupita. Ndiyo maana nikija nimepumzika mtu anaweza asisikie chochote.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, niliambiwa moyo wangu ni mbovu na nilifurahi mpaka nikalia, kwa sababu si uvivu, si uzee, si siti ya baiskeli. Hofu ilikuja baadaye, nilipokuwa nawauza kuku wale.

Nilikatazwa mzigo na vilima mpaka nipigwe picha ya moyo. Hilo nililitii. Tenga nikamlipa kijana wa bodaboda alibebe, mimi nikawa nafuata nyuma na baiskeli tupu pale barabara ilipo tambarare tu, na pakianza kuinuka nashuka. Vijana wa kijiweni wakaniimba kwamba Mama Kuku siku hizi ni bosi. Niliwapungia mkono.

Picha ilithibitisha. Daktari wa moyo akaniita, na mjomba akaja kwa sababu safari hii ilisemwa aje mtu wa familia. Tukaelezwa kwamba inawezekana kwenda Dar es Salaam, ambako watapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni na kuufungua ule mlango bila kupasua kifua. Si kila mtu hutoka salama, ila wengi hutoka. Nikauliza kama nitapanda tena kilima. Akasema hawezi kuahidi, lakini nikikaa bila kufanya kitu mlango utaendelea kukaza, hata nikiwa barazani.

Mjomba akasafisha koo. "Tutarudi nyumbani kwanza tuzungumze na ukoo," akasema. "Kama kuchoka kwenyewe ni akipanda baiskeli, basi asipande. Kuna haja gani ya kuchezea moyo?"

Daktari akasogeza karatasi ya kukubali, na kwa mazoea akaielekeza upande wa mjomba, pamoja na kalamu. Mjomba akaivuta karatasi, akaikunja mara moja, aiweke mfukoni.

Sijawahi kumshika mjomba wangu mkono kwa nguvu maishani mwangu. Siku ile niliushika. Nikamwambia, "Shikamoo, mjomba," kama ndiyo kwanza tunaonana, kwa sababu sikujua heshima nyingine ya kuanzia. Akaitikia, kwa sauti ndogo. "Mjomba, mimi nikifa Dar, mtanililia na mtanizika, na nitakuwa nimefia kwenye jambo nililolitaka. Nikifa barazani mtasema nilitulia. Nipe karatasi."

Hakuiachia karatasi. Nilimwona anaogopa, mzee wa watu, anaogopa kwa sababu mama yangu hayupo na atakuja kuulizwa yeye.

"Na kama ikishindikana?" akauliza.

"Itakuwa imeshindikana kwangu."

Akaikunjua karatasi juu ya meza, akailaza kwa viganja vyote viwili mpaka mkunjo ukapotea. Kalamu hakunipa. Niliichukua mwenyewe, nikasaini.