Vigezo Tisa na Mama Yangu

Nina hasira. Nasema hivi bila kujisifu, ingawa zamani nilikuwa najisifu. Pale Tengeru, nilipo na duka la pembejeo, mkulima akinirudishia pampu ya dawa aliyoiharibu mwenyewe husikia habari za ukoo wake hadi babu. Nimeachana na wanaume wawili wazuri na mmoja asiye na maana, na wote watatu niliwaita malaika kabla ya kuwaita mashetani. Hayo niliyabeba. Kilichonishinda ni binti yangu wa miaka tisa. Alianza mtindo wa kusimama mlangoni ninaporudi, anausoma kwanza uso wangu, ndipo anaamua kama anisalimie au aende kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Niliumia, nikaona aibu, nikaenda hospitali.

Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa kijana nadhifu, mdogo kwangu, mwenye tai na karatasi. Karatasi ilikuwa na vigezo tisa. Unaogopa kuachwa? Leo unampandisha mtu mbinguni, kesho unamtupa shimoni? Una hasira isiyolingana na kosa? Ukipata vitano, haiba yako ina ugonjwa. Ukipata vinne, nenda nyumbani, una tabia mbaya tu. Mimi nilipata saba kwa dakika ishirini. Shuleni sikuwahi kufaulu namna ile.

Sikumcheka sana, kwa sababu na mimi ndivyo ninavyofanya kazi. Mtu ananiletea jani la nyanya kwenye kipande cha gazeti, naligeuza, natazama madoa, nampa dawa. Shamba lenyewe sijaliona. Mara nyingi dawa inafanya kazi, na asiporudi nachukulia kwamba amepona.

Lakini daktari alitaka shahidi. "Tatizo la haiba halianzi mwaka jana," alisema. "Nahitaji mtu aliyekujua tangu ujana. Mzazi yupo?"

Mzazi yupo, Nkoaranga, kwenye kahawa na migomba yake. Nilimwambia mama kwamba daktari atamuuliza maswali kuhusu mimi, na kosa langu ni kwamba sikumweleza zaidi ya hapo. Kwetu, mwanaume mwenye tai akikaa mbele ya mama yako na kuuliza kama binti ana hasira, kama ana kisirani, kama anaelewana na ndugu zake, huyo anachunguza mchumba. Na mama yeyote mwenye akili zake anajua maswali hayo yanajibiwaje. Alishuka mlimani na kitenge cha kanisani, mkungu wa ndizi mshare umefungwa nyuma ya bodaboda.

"Mama, shikamoo," daktari alianza.

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu binti yako, alipokuwa msichana, alikuwa mwepesi wa hasira?"

"Huyu?" Mama alinigeukia kana kwamba daktari amekosea mtu. "Huyu hata kuku hajawahi kumfokea."

Nilikuwa nimekaa kando yake. Mkononi nina kovu la sahani niliyoipiga ukutani nikiwa na miaka kumi na sita, na aliyenifunga kitambaa siku ile ni yeye.

"Amewahi kujiumiza?"

"Akiumia ni jembe, baba. Analima sana."

"Anagombana na ndugu zake?"

"Ndiye anayewapatanisha."

Daktari aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishoni mama alimtazama vizuri, kuanzia viatu, akauliza, "Na wewe, baba, umeoa?"

Vigezo vyangu saba viliyeyuka pale pale. Daktari aliandika kwamba uchunguzi unaendelea, akapokea ndizi.

Mwezi uliofuata nilianza kwenda Njiro kwa mchambuzi wa nafsi, mama mtu mzima aliyesomea kazi hiyo nje kwa miaka mingi, na naona muda mwingi walimfundisha kunyamaza. Hana karatasi. Ana viti viwili, kila Jumanne, dakika hamsini. Nilimsimulia kisa cha mama na daktari, nikakitia chumvi kama ninavyowafanyia rafiki zangu. Hakucheka hata kidogo.

"Na wewe ulikuwa wapi, mama alipokuwa anasema hayo?"

"Si nilikuwa pale pale."

"Ulisema nini?"

Sikusema kitu. Nilikuwa nimetazama chini kwa haya, kama mchumba.

Hapo ndipo nilipoelewa hawa watu wawili wanatofautiana wapi. Kwa daktari, uongo wa mama uliharibu karatasi. Kwa huyu wa Njiro, uongo ndio ulikuwa karatasi yenyewe. Alitaka kujua ni nyumba gani hiyo ambamo hasira ya msichana inafungwa kitambaa na haitajwi tena. Daktari alihesabu niliyoyatenda. Huyu alingoja nimtendee yeye hayo hayo, na sikumchelewesha. Mwezi wa kwanza nilimpelekea nyanya na kumwambia hajatokea mtu anayenielewa kama yeye. Mwezi wa tatu alisafiri wiki mbili, nikamwandikia ujumbe kwamba ni tapeli.

"Nimekuwa tapeli tangu lini?" aliniuliza aliporudi, kwa upole wa kuudhi. Nilitamani kumrushia kiti, na nadhani alijua.

Ila jina la ugonjwa hakunipa. Kijana wa tai alikuwa tayari kunipa kwa dakika ishirini, huyu miezi minane imepita bado anauliza ninajisikiaje. Nikapasuka.

"Ninao ugonjwa ule au sina?"

"Jina hilo ungelifanyia nini?"

"Ningempa mwanangu," nilisema, na machozi yakanitoka kwa hasira. "Ajue kwamba si yeye. Ajue ni kitu mama anacho, kina jina, na hakikusababishwa na yeye."

Hata hivyo jina hakulitaja. Safari hiyo sikumlaumu.

Nikarudi kwa daktari kudai jina langu. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikwenda na binti. Daktari alisema mama amekwisha kutoa maelezo yake, na mimi yangu, na hayafanani. Je, nyumbani naishi na nani sasa? Wote wawili tukamgeukia aliyekuwa kwenye kiti cha tatu.

"Shikamoo, daktari," alisema kabla hajaulizwa.

"Marahaba. Hebu niambie, mama akikasirika nyumbani inakuwaje?"

Aliniangalia usoni kwanza.

"Mama hakasirikagi," alisema.

Hakuna aliyemfundisha. Kisa cha bibi yake hakijui. Nilimwona daktari akishusha kalamu ili aandike hapana, tena amefurahi kwamba sasa mashahidi wawili wanakubaliana. Nikaifunika karatasi kwa kiganja.

"Anadanganya, daktari. Usiandike hiyo." Kisha nikamgeukia binti. "Sema ukweli, mwanangu. Sitakugombeza. Na nikikugombeza, daktari si huyu hapa?"

Alifikiri. Alimtazama daktari, akanitazama mimi, akavuta sketi ifunike magoti.

"Ile siku ulipotupa daftari langu la hesabu jalalani," alisema, "nikakwambia lile ni la zamani, jipya liko shuleni."

"Nakumbuka."

"Halikuwa la zamani. Nililitoa nikalifuta. Kurasa zingine zilishikana, nikaandika upya."

"Sasa kwa nini ulinidanganya?"

"Ulikuwa umeingia chumbani unalia," alisema. "Nilitaka uone kwamba hukuharibu kitu."

Daktari hakuandika. Mimi mwaka mzima nilikuwa nimeamini kwamba siku ile nilitupa daftari la zamani tu, na kila nilipokumbuka nilijiambia, afadhali.