Nilimlipua mama mkwe kwa roketi, kwao Mbale

Wakuu, salamu kutoka Jinja. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Anayebisha apande gari aje, mashahidi wapo.

Mimi ni mtu wa ndani. Jua nalijua kupitia dirisha. Shule nimeishia Senior Four, na kipaji nina kimoja tu: gemu ya zamani ya vigari, ile ya console ya waya na TV yenye mgongo, mnashindana huku mnarushiana mabomu.

Mchumba wangu, Nambozo, akanipeleka kwao Nkoma, hapo Mbale, nionwe. Juu ya boda akanionya: "Mama usimwangalie, usimshike mkono. Ukiharibu hapo, hakuna ndoa."

Mila zetu huku ndizo hizo: mkwe na mama mkwe kila mtu akae mbali na mwenzake. Nikaingia macho sakafuni. Mpaka leo sijui dari yao ina rangi gani.

Mzee, baba yake Nambozo, afande mstaafu wa magereza, akauliza ninaweza nini maishani.

Aibu! "Gemu, afande."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi cheza na bingwa wa hapa."

TV ikageuzwa kidogo, waya wa pad ya pili, kile kidude cha kuchezea, ukapita chini ya pazia la mlango wa ndani. Nikadhani ni shemeji mdogo, ana haya kama mimi.

Huyo bingwa alinitesa raundi mbili. Ya tatu nikaokota roketi, nikamwachia karibu na mstari wa kumalizia. Kigari chake kikapaa!

Nikaruka: "Kula vumbi, mjinga wewe! Rudi ukanyonye kwa mama yako!"

Pazia likajibu, sauti ya mama mtu mzima: "Mjinga ni nani, bwana?"

Nambozo akafunika uso. Mimi nilishaanza kutafuta viatu.

Mzee akauliza, "Mama, tumfukuze?"

"Hapana. Hajaniangalia, hajanishika. Lakini mtoto wangu hamchukui mpaka nilipize, nimfunge kwenye gemu."

Rahisi, eti? Jumamosi iliyofuata nikakibamiza kigari changu ukutani makusudi, anifunge.

Pazia likafoka: "Unanihurumia? Haihesabiki. Rudi tena!"

Nikarudi, nikarudi, kila nikijilegeza ananigundua. Safari ya tano nilicheza kwa roho yote, jasho linanitoka, na yule mama akanifunga. Kihalali kabisa, wakuu. Nambozo akapiga vigelegele, na si kwa ajili yangu.

Niliumia kuliko siku ya matokeo ya Senior Four. Wao wakakaa kupanga tarehe ya utambulisho, ile sherehe ya posa.

Funzo: ugenini, kabla hujatukana, uliza pad ya pili kashika nani.

Haya, wenye wakwe semeni yenu. Wa kunicheka pangeni foleni.