Kimpumu Si Pombe

Hii stori inanifanya nionekane mjinga, na sina pa kupitia niikwepe. Nimeshaisimulia kijiweni mara tatu kwa kujipendelea, na mara zote washikaji wanacheka palepale ninapotaka wanionee huruma. Basi ngoja niiseme ilivyo.

Mimi ni kinyozi hapa Sumbawanga mjini, na nilikuwa nabeti. Sio kwa kujaribu. Nilikuwa naweka mkeka kabla sijapiga mswaki, timu za nchi ambazo hata kwenye ramani sizioni. Siku moja nikauza gunia la maharage ambalo mke wangu alikuwa ameliweka la mbegu. Mkeka ukachanika kwa timu moja tu. Nilikuwa nataka nimweleze habari ya hiyo timu moja, ila yeye alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Akashuka kwao Muze. Aliniambia siku nikimaliza mwezi mzima bila kubeti nimpigie, na nikimdanganya atajua.

Nikaenda hospitali. Kuna mama mshauri, rika la mama yangu, anakaa na watu wa kubeti kila Jumatano, kwenye chumba cha baridi mpaka tunavaa makoti ndani. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaniuliza mambo mengi, na katikati akauliza kama nakunywa pombe. Nikamwambia sijawahi hata kuonja. Tena nilisema kifua mbele.

Kwenye kundi letu kulikuwa na dereva wa lori la mahindi, mtu mzima. Yeye alikiri kwamba akipiga bia mbili, mkono unaenda wenyewe kwenye simu. Nilimhubiria huyo mtu wiki tatu. Nilimwambia kaka, pombe ndiyo inayokumaliza, niangalie mimi. Yeye alikuwa ananisikiliza tu, mpole, anaitikia kwa kichwa.

Tatizo ni kwamba mhubiri mwenyewe alikuwa bado anabeti. Mama mshauri akachoka kukisia, akanipa daftari. Kila nikibeti niandike nilikuwa wapi na nimetoka kufanya nini. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, ila niliandika kila kitu. Jumatano iliyofuata akaniomba niwasomee wenzangu.

Nikasoma. Jumapili, nimetoka kwa shangazi kunywa kimpumu, nikabeti. Jumatatu, kimpumu na jirani, nikabeti mara mbili. Jumanne, kimpumu kidogo tu, nikabeti. Nikainua macho. Dereva alikuwa amejifunika uso na kofia.

"Mwanangu," mama akasema, "si uliniambia hunywi pombe?"

"Sinywi, mama. Hicho ni kimpumu."

Kimpumu ni ulezi uliochachushwa. Unamwagiwa maji ya moto kwenye chungu, mnakizunguka, kila mtu na mrija wake, mnavuta huku mnapiga stori. Kwetu Ufipa anakaribishwa nacho mgeni, wanalima nacho watu shamba. Bibi yangu alikuwa anakiita chakula. Mimi pombe nilijua ni ile ya chupa, yenye kizibo. Kwa hiyo sikumdanganya yule mama. Afadhali ningedanganya, ningeonekana mjanja.

"Kumbe mhubiri wetu analewa kwa uji," dereva akasema, na hapo hata mama alishindwa kujizuia. Alipomaliza kucheka akanipa kazi: nitafute kwenye daftari siku hata moja niliyobeti bila kupitia kwenye chungu kwanza. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma. Haikuwepo.

Hakunikemea. Tulipanga tu niache kimpumu kwanza tuone, na nikienda kwa shangazi simu ibaki nyumbani. Shangazi alinuna. Alisema chungu chake kimelisha ukoo mzima na hakijawahi kumtuma mtu kubeti. Wiki iliyofuata nikamkuta ameniwekea togwa pembeni, kwenye kikombe.

Siku kumi na moja zikapita. Ya kumi na mbili kulikuwa na harusi mtaani, nikavuta, nikabeti. Asubuhi nikamwambia dereva, nikijua ni zamu yake ya kunihubiria. Hakuhubiri. Aliniambia na yeye alianguka mara nne kabla hajasimama, akanilipia chai na chapati. Nikaanza kuhesabu upya, moja, mbili, kama mtoto wa chekechea.

Zilipofika thelathini nikampigia mke wangu. Nilikuwa nimeandaa maneno matamu, yote yakanitoka. Nikamwambia nimemaliza mwezi. Akauliza kama nimeumaliza kwa mara ya kwanza. Nikamwambia hapana, mara ya kwanza niliishia siku ya kumi na mbili, harusini, na kimpumu nacho ni pombe, nimeambiwa.



"Ungesema hukuanguka ningekata simu," akasema. "Njoo Jumamosi. Na umletee mtoto viatu, vile vya zamani anavikanyaga visigino."