Mbuzi Wanywe Kabla ya Kuuzwa

Wajukuu wangu, siku yangu ya kwanza kazini nilipewa karai. Tajiri wangu, mnunuzi mkubwa wa mbuzi hapa Mutomo, alinipandisha lori pamoja na mbuzi wake. Tulipofika Makindu akapiga kelele: "Maji kwanza, msichana! Mteja asiwaone hivi!" Mbuzi wakanywa, matumbo yakajaa, na wasafiri wa barabara ya Mombasa wakanunua huku wakisifu. Shule niliachia darasa la pili, lakini siku hiyo nilisoma.

Baadaye akanifanya broka, yaani mtu wa kati anayepatanisha mwenye mbuzi na mnunuzi. Nikafundishwa kupapasa: unabana mgongo, unatazama tumbo, na likibonyea unashusha bei. Matumbo yalibonyea kila siku ya soko. Mbuzi walitembea kutoka mbali, na sokoni hakukuwa na tone la maji. Mama wa watu anaambiwa, "Huyu ni ngozi na pembe tu, mwaitu," yaani mama yangu, naye anauza hivyo hivyo kwa sababu watoto hawajala.

Nilipoanza kuuza mbuzi wangu mwenyewe, nikachoka na mchezo huo. Nikasimama udiwani. Wengine waliahidi lami. Mimi niliahidi birika la kunyweshea mifugo kando ya lango la soko, basi. Mfugaji akiuza vizuri, duka linauza sukari, fundi anashona sare, karo inalipwa. Huo ndio uchumi ninaoujua.

Chifu alinishauri nijitoe kwa heshima. Tajiri, ambaye alimuunga mkono diwani wa zamani, alikuja kwenye mkutano wangu akasimama mbele ya watu wote.

"Mama Mwende, unataka ninunue maji kwa bei ya nyama?"

"Na kule Makindu huwa unauza nini, Tajiri? Karai lako si nililibeba mimi?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Tajiri akamgeukia mume wangu, babu yenu, aliyekuwa akimuuzia mafahali. "Na wewe, mafahali wako utamuuzia nani? Bibi yako?"

Babu yenu akaokota fimbo yake, akaondoka. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele yangu bila kugeuka. Nikajua kwamba huyu asiposimama na mimi, hakuna mke wa mtu atakayethubutu.

Maana kura wakati huo ilikuwa ya mlolongo: unapanga foleni nyuma ya picha ya mtu wako, na mumeo, pasta na mwenye duka wote wanakuona. Asubuhi ya kura, foleni ya diwani wa zamani ilikuwa imeshapinda kona. Picha yangu aliishika dada yangu, na nyuma yake hakuna mtu. Wanawake walijibanza ukutani, macho chini.

Babu yenu akatoka na fimbo yake, akasimama nyuma ya picha, peke yake. Akangoja. Halafu akageuka akanguruma:

"Mnangoja nini? Jua linanichoma! Na mimi nisiposimama hapa, leo nani atanipikia?"

Kicheko kikapasuka. Mwanamke mmoja akaja, akafuata mwingine, na baadaye sikuuona mwisho wa mstari.

Nilishinda, na birika likajengwa baada ya vikao vya kuchosha vya madiwani. Tajiri aliendelea kununua, hata mafahali wa babu yenu, kwa bei ya haki. Alinung'unika, lakini biashara haikufa.

Sasa nimestaafu, na mjukuu wangu mmoja, dada yenu, anataka kiti cha udiwani. Alinisomea hotuba yake ndefu, nikasinzia. Nikamwambia, "Nenda ukashinde katika soko la Tulia, usimame pale mnyonge anapouzia." Jana alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akakataa chai, akaanza kunieleza kwa hasira jinsi wakulima wanavyopunjwa wanapopimiwa ndengu, yaani choroko zao.

Nikavuta kiti karibu. Sasa ana kampeni.