Kifuniko Nilichokikausha Jikoni

Asubuhi ya leo, hapa Nakuru, nilikuwa nampeleka mama kliniki ya presha gari likanigomea. Stata ilizunguka vizuri tu, ngrr-ngrr-ngrr, lakini injini haikushika. Mama alinitazama, nami nikamtazama. Sauti hiyo sisi wawili tunaijua.

Twende nami Olenguruone, rafiki yangu, kwenye boma letu la zamani, ambako ukungu ulikuwa hauondoki hadi saa nne na chai ya maziwa ilinukia moshi. Baba alikuwa na pikapu kuukuu, ya pekee upande ule wa kilima. Ilibeba viazi, maziwa, maharusi na wagonjwa. Jumamosi jioni ilikuwa ya kuoga: kwanza sisi watoto kwenye karai, kisha pikapu, maana baba alisema haendi kanisani na gari chafu. Na baba hakuwa mtu wa kuosha juu juu. Alifungua boneti, akaimwagia injini ndoo nzima ya maji, akaisugua mpaka ikang'aa. Sisi tulimshangilia.

Jumapili moja, kabla hatujavaa viatu, mama alipiga kelele chumbani. Alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa bado. Nyanya alinisukuma nje, lakini nilikuwa nimeshaiona damu kwenye shuka.

Walimlaza mama kwenye godoro nyuma ya pikapu. Baba akapiga stata. Ikazunguka, haikushika. Akapiga tena na tena, na kila mara sauti ilizidi kuchoka.

"Wewe, wacha!" nyanya akamfokea. "Ukimaliza hiyo betri tutampeleka na nini?"

Baba akashuka. Akanusa kwenye ekzosi. "Mafuta inafika," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. Akachomoa plagi moja, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akamwomba jirani apige stata kidogo tu. Tuliinama sote kutafuta cheche. Hapakuwa na kitu.

"Haina moto," baba akasema.

Akafungua kifuniko cha distribyuta, ile inayozigawia plagi moto, akakigeuza. Maji yakamdondokea kiganjani. Yalikuwa maji ya Jumamosi. Baba aliyatazama.

Nyanya alivua kitambaa chake cha kichwa, akakipangusa kifuniko, akanikabidhi mimi. "Kimbia jikoni ukikaushe. Usikaribie moto sana, kitayeyuka."

Nilipiga magoti mbele ya mafiga. Nilikigeuzageuza juu ya makaa, moshi ukinitoa machozi, mama akiugua kule nje. Niliamini kabisa kwamba nimeushika uhai wake na kwamba nitauangusha. Hadi leo asubuhi nilikuwa sijaogopa namna ile tena.

Baba alipokuwa akikirudisha, nilipanda nyuma nikamshika mama mkono. Ufunguo ukageuzwa. Stata ililia kivivu, ikakaribia kunyamaza, kisha injini ikashika na kutoa moshi mweusi. Waliponishusha, nyanya alikuwa ameketi kwenye matope na nguo zake za kanisani.

Mama alirudi. Mtoto hakurudi. Nyumbani hakuna aliyelizungumzia jambo hilo, ila baba hakuiosha pikapu ile tena, hata kioo, mpaka ilipouzwa kama vyuma chakavu. Nyanya ametutoka, baba naye pia, na pale palipokuwa na jiko pamepandwa viazi. Napakumbuka mno, hata huo moshi.

Leo fundi alikuja na kikompyuta, akakichomeka chini ya usukani, akasoma, akamgeukia mama. "Ni sensa ya injini tu, mathe, msiwe na wasiwasi." Hakukuwa na kitu cha kupangusa wala cha kukausha. Nilikaa nikiisugua mikono yangu, hofu ile ile ikinipanda.

Mama akaishika, akaiweka mapajani mwake.

"Siku ile mikono yako ilikuwa na moto wa jikoni," akasema. "Niliishikilia hiyo."